Siku Niliyoonja Sigare ya Baba Mkwe

Uongo ulinitoka Jumapili moja baada ya misa, nikiwa nimeketi kwenye barza ya wazazi wa msichana niliyetaka kumwoa. Baba yake alikuwa akisimulia kwa mara ya mia tatu habari za sigare yake, nami, kwa hamu ya kupendwa tu, nikasema, "Ah, Papa, hizo ninazijua vizuri. Nimevuta nyingi sana."

Nyingi! Sikuwa nimevuta hata sigara moja ya kawaida, hata ile ya kuokota.

Mji mzima wa Likasi ulijua sigare ile. Kama nimezidisha, nimezidisha kidogo: tuseme Panda nzima, mtaa wetu, pamoja na mbuzi wake. Mwana mkubwa wa mzee, anayeishi Ulaya, alimtumia kwa mkono wa msafiri. Ilikuwa moja tu, nene kama kidole gumba cha mhunzi, majani matupu yaliyosokotwa, na kiunoni ilivaa pete ya karatasi ya dhahabu. Iliambatana na ujumbe wa sauti kwenye simu, ambao mzee alitusikilizisha mpaka tukaukariri kama sala: "Papa, hii si ya kila siku. Hii inavutwa na mawaziri. Ukivuta, unasikia kakao, unasikia asali, unasikia ngozi ya kiti cha gari jipya."

Mzee alikuwa mtu wa tanuru. Maisha yake yote ya kazi aliyeyusha shaba, akitazama shimine, yale mabomba marefu ya moshi, na kujua kwa rangi tu kama huko ndani mambo yanakwenda sawa. Mtu kama huyo hawashi kitu ovyo. Alisema sigare itangoja siku ya shangwe. Wajukuu wawili walibatizwa, haikuwashwa. Umeme ulirudi baada ya majuma matatu, watu wakacheza barabarani, haikuwashwa.

Ila uongo wangu ulimgusa. Alinitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata kwake.

"Kumbe! Basi siku ile utaleta diploma yako, njo tutaivuta. Weye utaonja wa kwanza, utuambie kama ni ya bwanya, ya maana kweli, ao ni kelele tu. Kisha minye nitakupa jibu ya kuoa mutoto wangu."

Nikaitika kwa furaha, kama mbuzi anayeitwa jikoni.

Mchana nilikuwa napiga randa kwenye karakana ya mbao, jioni nasoma shule ya watu wazima, nikiitafuta diploma hiyo. Wenzangu darasani walikuwa na watoto, mmoja alikuwa na wajukuu, na mwalimu wetu wa hesabu angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka na jina langu likaonekana, niliruka juu hadi nikaona paa za Kapolowe, kule ziwani kwa wavuvi. Majirani wakanimwagia poda, kama desturi yetu kwa kila anayefaulu, lakini kwangu hawakuwa na kiasi. Walinimwagia makopo manne. Nilivuka Panda mweupe kama gunia la unga, watu wakiimba nyuma yangu, na kwa furaha ile nikasahau kabisa kilichokuwa kikinisubiri.

Mzee hakusahau. Alikuwa amevaa koti, ananingoja kwenye barza. Msichana wangu alisimama mlangoni akiuma ncha ya kitenge chake. Majirani wawili walikuwa wameshakaa. Mama yake alibaki nyuma ya dirisha la jiko, kwa sababu kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hali mbele yake. Miaka miwili nilikuwa naingia nyumba ile, na uso wa mama yule nilikuwa sijauona vizuri.

Sigare ililetwa juu ya sahani. Mzee alichukua kaa la moto kwa koleo, akaliweka kwenye ncha. Nikaitia ncha ya pili mdomoni na kuvuta.

Hakuna kitu.

Nikavuta tena, mashavu yakakutana katikati. Hakuna kitu. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, nami nikafanya kile ninachokijua.

"Aaah!" nikasema, nikifumba macho. "Kakao."

"Na asali?" mzee akauliza.

"Asali iko, Papa. Kwa mbali. Inakuja polepole."

"Moshi njo iko wapi?" jirani mmoja akauliza.

"Hizi za mawaziri hazina moshi sana," nikajibu kama profesa. "Moshi ni wa hizi sigara zetu za senti mbili."

Mzee akasogeza kiti. Aliinama, akaitazama sigare kutoka juu mpaka chini, kama alivyozoea kutazama kazini, kisha akanitazama mimi.

"Mutoto, minye nimeangalia moshi tangu ningali kijana. Hii shimine imeziba. Huku unavutia banaifunga, hakuna tundu hata moja, hewa haipite. Sasa ile kakao unaisikia kupitia wapi?"

Nilitamani ile poda iniyeyushe. Majirani walianza kutetemeka kwa kicheko, na msichana wangu akafunika uso wote kwa kitenge. Nilijua jibu la mzee limeshapatikana, nami silitaki.

Mzee akachomoa msumari kutoka mfukoni, akatoboa ile ncha kwa ustadi, akanirudishia. "Vuta sasa."

Nikavuta kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayelipiza kisasi. Moshi haukusimama mapafuni. Ulipita, ukashuka magotini, ukafika kwenye vidole vya miguu, ukageuka na kurudi juu ukiwa na hasira. Barza ikaanza kuzunguka. Nilimwona mzee mara mbili, majirani mara nane. Kisha nikawa chini kwenye saruji, na mtu ananimwagia maji kichwani, poda inageuka uji, nami nafumbua macho na kumwona mama mkwe uso kwa uso. Ana mwanya, kama binti yake.

"Utuambie sasa," sauti ya mzee ikasema. "Bila kakao."

Sikuwa na nguvu ya kudanganya tena. "Papa, ni samaki."

"Samaki gani?"

"Ya kukausha. Ile ya Kapolowe."

Mzee akakasirika. Akaichukua, akavuta mara moja, akalamba midomo. Akavuta tena. Uso wake mzima ukafunguka kwa kicheko.

"Ni samaki kweli!"

"Shi weye mwenyewe uliitundika juu ya mbabula yangu ya makaa!" mama akamrukia. "Mwaka muzima, pamoja na samaki! Ati baba yako njo vile alikuwa anachunga tumbako kule mugini, wadudu wasiikule!"

Kwa hiyo hukumu yangu niliyoitoa chali ilikuwa sahihi kabisa. Lakini mzee alipomaliza kucheka alinionyesha kwa kidole.

"Samaki ni samaki. Lakini huyu ni muongo. Alisema anavuta."

"Na minye nashukuru alidanganya," mama akasema, bado ameshika bakuli la maji. "Tangu unioe nafua moshi. Moshi ya tanuru, moshi ya tumbako. Leo nimepata mwanaume anaanguka na moshi moja, unataka kumufukuza? Na ile uongo yake, si uliona? Haikufika hata kwenye portail, mulango ya inje."

Mzee akamgeukia binti yake. "Weye unasema nini?"

"Papa, minye nilijua," akasema, kitenge bado mdomoni. "Huyu anakohoaka hata kwa mahindi ya kuchoma."

Mzee akaitazama sigare, akanitazama mimi na uji wangu wa poda.

"Juma ijayo ulete baba yako mukubwa tuzungumuze mambo ya mahari. Akuje na mudomo yake tu, asilete kitu cha kuvuta."

Nilitaka kusimama nimshukuru kama inavyotakiwa, lakini miguu ilikuwa bado haijarudi, basi nikashukuru hivyo hivyo nikiwa nimelala, na mama akanimwagia bakuli la pili. Mzee aliketi na kuimaliza yote peke yake, akiisema vibaya kila anapovuta, mpaka moto ukaanza kula ile pete ya dhahabu.