Binti yangu alisoma mwaka muzima, plateforme inasema hakufika

Wakuu, salamu kwenu. Haya yalinifikia mimi mwenyewe, sikuyaokota sokoni. Majina nataja. Nimekimbia vita, nimekimbia volkano, siwezi kumuogopa Assistant Déo wa chuo.

Mimi ni mama wa Munigi, nauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Masomo niliishia primaire, shule ya musingi. Binti yangu Furaha ndiye alifika chuo.

Vita vilipobana, chuo kikapeleka masomo kwenye internet. Unafungua plateforme, ukurasa wao wa masomo, kwa jina lako, yenyewe inakuandika umefika. Ukikosa sana, hakuna examen, ule mutihani wa mwisho.

Sasa, telefone nzuri huku kwetu alikuwa nayo jirani, Solange, wa darasa moja na Furaha. Assistant Déo, mwenye somo, akawaambia kwa mudomo wake: "Mukusanyike. Telefone moja inatosha, nitawahesabu wote."

Wakakusanyika kwangu, wasichana watatu kwenye mukeka, telefone imeegemea sufuria.

Siku zingine Solange anaifungua, anaiacha hapo, anaenda kusukwa nywele. Mimi naona kwa macho yangu.

Examen ikakaribia. Plateforme ikasema Solange hakukosa hata siku moja. Furaha na yule mwengine hawakufika kabisa.

Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka ofisi yao, Himbi.

"Mama, machine haina ndugu," Déo akanijibu.

"Machine haikuwaambia wakusanyike. Ni weye, papa."

"Uko na maandishi?"

Chef wake akamwita Solange aseme ukweli. Akaangalia chini. "Nilikuwa nasoma peke yangu."

Angekubali, siku zake za kusukwa nywele zingejulikana, naye wangemukatalia examen. Hiyo naelewa. Kusamehe ni mambo ingine.

Furaha anarudia mwaka.

Examen ikibaki siku moja, nani anabisha hodi kwetu? Solange, kayee yake, lile daftari, mukononi. Hakuelewa somo. Na Furaha akamutandikia ule mukeka, akamuelezea mpaka mwisho.

Alipoenda nikamuuliza binti yangu: "Weye uko mujinga?"

"Mama, mimi somo nililisikia. Huyu ndiye hakuwepo."

Nikaenda kugeuza sambaza zangu.

Nilichojifunza: ruhusa ya mudomo haiingie kwenye machine. Mwambieni mutoto afungue kwa jina lake, hata kwa telefone ya kuazima, na mwalimu akiahidi kitu, akiandike.

Mimi Solange singemufungulia mulango. Nyinyi wakuu, mungemufungulia? Semeni tu, sikasiriki.