Riale ya Mahari Yangu na Hela Moja ya Shaba

Admin, naomba ufiche jina langu na mtaa wangu. Sema tu Chake Chake, Pemba.

Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na nane, mwalimu mstaafu. Moyo wangu umechoka. Daktari ameniambia nirudi nyumbani nikapumzike, na kwa umri wangu najua maana yake. Naandika nikiwa nimelala, kidogo kidogo, simu inanidondokea usoni. Msinionee huruma. Nina hasira, na nimechoka kuambiwa kwamba mgonjwa hafai kuwa nazo.

Mume wangu, nimwite Baba Saida, ni mkusanyaji wa sarafu za kale. Wenzake wameoa wake wawili, yeye kaoa sarafu. Meza yetu ya chakula imejaa lenzi na vitambaa. Wanangu wamekua wakila mkekani. Hayo niliyavumilia. Lakini katika nyumba ile sarafu moja ilikuwa yangu: riale ya fedha, pana na nzito, ambayo mama yake aliifungua kwenye pindo la kanga akampa mwanawe anioe nayo. Shehe aliitaja mbele ya mashahidi kuwa ndiyo mahari yangu, pamoja na Msahafu. Tangu siku hiyo ikakaa kabatini mwangu.

Mwaka jana kulikuwa na maonesho ya sarafu Unguja, katika ukumbi wa hoteli. Wakusanyaji wa Dar, wa Mombasa na wazungu, kila mtu na meza yake, wananunua, wanauza, wanabadilishana. Baba Saida akaniomba riale.

"Iwe pambo la meza tu, Mama Saida. Watu wakiiona watasimama."

Nikamwambia haitoki bila mimi. Wakati huo miguu ilikuwa bado inanibeba, tukasafiri pamoja. Nikaandika kikaratasi kwa mwandiko wangu wa ubaoni, HAIUZWI, nikakisimamisha mbele ya riale.

Mzee mmoja akaja, akaitazama, akauliza, "Bi, hii bei gani?"

"Kwani hujui kusoma?"

"Najua, Bi. Ila humu ndani hata neno hilo lina bei yake."

Nikacheka. Nilicheka, jamani! Ikaingia adhuhuri, nikaenda kusali. Niliporudi, kikaratasi kilikuwa kimesimama palepale, HAIUZWI, na nyuma yake kitambaa kitupu. Baba Saida ameinamia lenzi, anakichekea kisarafu cha shaba cha zama za Mjerumani, zile zilizokuwa zikiitwa hela.

"Riale yangu iko wapi?"

"Sijaiuza, nimebadilishana. Tazama mwaka huo, Mama Saida! Ndio mwaka niliokuwa nimeukosa. Safu yangu imetimia!"

Nikaenda mwenyewe mpaka meza ya bwana wa Mombasa aliyeichukua. Nilipomweleza alishika kichwa.

"Mahari, mama? Wallahi sikuambiwa. Niletee hela yangu, uchukue riale yako. Mie siiuzi, nitakuwekea."

Nikamrudia mume wangu na jibu hilo. Akaifunika hela kwa kiganja kama mtoto anayeficha halua. "Nimeitafuta tangu ujana wangu, Mama Saida. Na ile riale si ya mamangu?"

Ya mamake! Basi niliolewa kwa kitu cha kuazima?

Tangu nilazwe kitandani anakuja kila jioni, anakaa kwenye kiti, anasema, "Nihalalishie, mke wangu. Tusamehane kabla hatujatengana." Namuuliza, "Na riale?" Anapumua, anainuka. Saida, mwanangu mwenyewe, ananiambia, "Mama, sarafu tu ile. Msamehe baba uende na moyo mweupe." Dada yangu naye hivyohivyo. Wote wananihimiza mimi. Hakuna hata mmoja anayemwambia yeye aipeleke hela Mombasa. Mimi nataka riale yangu irudi kiganjani mwangu. Nikifa nayo, warithi waigawe kwa sheria, naye ana fungu lake. Lakini angoje nife kwanza!

Sasa nikuambieni ambalo sijamwambia mtu. Wiki iliyopita, mume wangu alipokwenda msikitini, nilijikokota kwa kushika ukuta mpaka mezani, nikaing'oa ile hela kwenye safu. Ninayo hapa, kwenye pindo la kanga yangu. Mpwa wangu anakwenda Mombasa Alhamisi, nilikusudia kumpa.

Baba Saida alipoona tundu kwenye safu alipiga ukelele nikadhani kuna msiba. Amemshuku jirani anayekuja kuniogesha, mwanamke mcha Mungu, na tangu asikie hayo hatii mguu kwetu. Juzi nikamsikia Baba Saida sebuleni anapanga kuwaita mashehe Ijumaa wamsomee mwizi Halbadiri, adhurike popote alipo.

Saida akamwambia, "Baba, Halbadiri kwa hela moja ya shaba?"

"Mali ya mtu ni haramu!" akapaza sauti. "Aliyechukua anajua kuwa ina mwenyewe!"

Nilikuwa kitandani, nyuma ya pazia la mlango, nimelifumbata pindo lenye hela. Miaka yote ya ndoa yetu sijapata kumsikia akisema neno la haki kama lile, na amelisemea hela.

Jirani yangu nitamsafisha, hilo sihitaji ushauri. Nitamwita nimwambie kwa mdomo wangu. Lakini haya mengine nishaurini, nyinyi mlio na mioyo mizima. Nimpe mpwa wangu hela, nife na mahari yangu? Niirudishe kwenye safu, nitamke "nimekusamehe" hali moyo haujasema? Au ninyamaze mpaka Ijumaa, mashehe waje, wamsomee aliyechukua cha mwenziwe bila ridhaa? Maana humu ndani tuliochukua tuko wawili, na kisomo hakiulizi nani mgonjwa. Nawasubiri kabla ya Alhamisi.