Msusi Aliyeogopa Nyuso

Dada yangu ni msusi, na watu humwita Vidole. Jina hilo alipewa na wateja, naye hajalikataa, kwa sababu vidole vyake havina mpinzani mtaani kwetu. Ukiinuka kwenye kiti chake mistari imenyooka, na kichwa wala hakikuwashi. Mimi ni mdogo wake. Nakaa kwenye meza ya pembeni mle mle saluni, nauza mafuta, vitana na nywele za bandia. Wanasema mdomo wangu ndio kufuli la ile saluni, hatoki mtu bila kulipa. Sibishi.

Kuna jambo moja lazima ulijue mapema. Dada akiwa nyuma ya kichwa cha mtu, anaongea. Anatania, anasimulia, anaiga sauti za wapangaji wenzetu, watu wanashika mbavu. Lakini mgeuzie uso tu, maneno yanamkauka. Ndiyo maana kiti chake kinatazama mlangoni, hakitazami kioo. Watu wote anawajua kwa visogo. Mtu akimsalimia sokoni anabaki kukodoa macho, hamtambui, mpaka yule mtu ageuke aende zake, ndipo dada ananinong'oneza kwamba kumbe alikuwa nesi, si umeona lile kovu la shingoni.

Na kwa sababu hiyo hiyo ana neno lake moja analolisema kutwa nzima: shusha mabega. Mteja ukimuuliza kama anaumia atakwambia haumii, hataki aonekane mwoga. Mabega yake hayajui kudanganya. Ukivuta nywele kupita kiasi yanapanda yenyewe, na dada akiyaona tu analegeza mkono, anasema shusha mabega, mama, tumeshapita pabaya. Hata mama yetu alipofariki, mimi nikiwa mtoto, dada alinikalisha kwenye kigoda akanisuka, na maneno yaliyomtoka siku ile yalikuwa hayo tu.

Sasa mtu kama huyo alitaka nini? Alitaka kuwa mwalimu, basi. Ng'ambo ya stendi kuna chuo cha ufundi chenye darasa la ususi. Dada aliacha shule akashika chanuo ili mimi nisome, na tangu hapo akipita nje ya kile chuo lazima apunguze mwendo. Mwaka jana walitafuta mwalimu, akaenda. Wakamwambia asimame mbele ya wanafunzi, afundishe somo la majaribio. Alisimama, akazitazama zile nyuso, akafungua mdomo, ukatoka upepo mtupu. Wakamshukuru kwa upole. Akarudi akasuka mpaka jioni bila kusema neno, hata na visogo. Mimi nilitaka niende nikawatukane, ila nilipofikiria vizuri sikuona wa kumtukana.

Mwaka huu nafasi ikarudi, maana yule waliyemchukua alihama. Dada akasema anajaribu tena, na safari hii akishindwa asisikie mtu anamtajia chuo maisha yake yote. Hapo ndipo vitabu vilipoingia nyumbani kwetu.

Aliyevileta ni mteja, karani wa benki. Vile vitabu vya kukufundisha kufanikiwa, unavijua: jaladani bwana mwenye tai, mikono kaikunja kifuani, anacheka utadhani dunia kaandikishiwa yeye. Dada mikono yake iko kwenye nywele tangu asubuhi, atasoma saa ngapi? Basi akaweka sheria. Kila anayekalia kiti asome kwa sauti, aanzie alipoishia mwenzake, na alama ya ukurasa ni kipande cha nywele za bandia. Nesi alisoma utadhani anamwelekeza mgonjwa jinsi ya kumeza vidonge. Fundi cherehani wa jirani alisoma kwa uchungu, mara mbili akalia. Karani yeye aliruka kurasa, akidai anazijua. Kwa hiyo mafanikio yalitufikia saluni yakiwa na mapengo.

Mimi vitabu hivyo siviamini, na sikumficha mtu. Dada kila alichosomewa alikijaribu. Kitabu kilisema washindi huamka kabla ya jua, akaamka, na mimi nikaamka kwa hasira, maana chumba ni kimoja. Kitabu kilisema simama mbele ya kioo ujiambie wewe ni hodari, watu wanakungoja. Akasimama, akajiambia. Nyuma yake mteja aliyekuwa amekaa na dawa kichwani akaitikia kwamba ni kweli anangoja, na dawa imeanza kumchoma. Kitabu kilisema mtazame kila mtu machoni bila kupepesa. Mazoezi yote ya hilo yaliniangukia mimi, tena mezani, mpaka nikamwambia anitazame kistaarabu, sijamwibia kitu.

Lakini usiku nilikuwa namsikia anavyojigeuza kitandani, na utani ukaniisha. Nilijua akirudi mikono mitupu safari hii, yule dada anayeiga sauti za wapangaji hatarudi naye.

Mkesha wa somo la majaribio ulikuwa Jumapili, saluni imefungwa, zamu yangu ya kusukwa. Akanikalisha, akanipa kitabu. Nikasoma kwa sauti ya yule bwana wa jaladani, nikijivuna kweli kweli. Kitabu kilisema: tafuta mahali ambapo unafanya vizuri bila kujilazimisha, kisha badala ya kuwafuata watu kwenye uwanja wao, waite waje kwenye wako.

Mikono ya dada ikasimama kichwani mwangu. Mikono ile haijawahi kusimama katikati ya mstari, hata umeme ukikatika.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia, safari hii kwa sauti yangu mwenyewe. Akaendelea kusuka, na hakunisimulia chochote mpaka kichwa kikaisha.

Kesho yake nilimsindikiza, nimebeba mkoba wa vitana. Nikaachwa kwenye ukumbi wa nje, nikajibanza dirishani. Ndani kulikuwa na wanafunzi, wamejaa madawati yote. Mbele walikaa mkuu wa chuo, mama mnene mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso, na kando yake mzee wa ofisini, kichwa chake kinang'aa, hana hata unywele. Aliyemtangulia dada alikuwa kijana mtanashati aliyebandika michoro ya rangi ubaoni, maneno yanamtiririka. Alifundisha vizuri, nisimwonee.

Kisha wakamwita dada.

Akasimama mbele. Nyuso zote zikamwelekea. Akafungua mdomo, na mimi niliyemjua nikaona kabisa kwamba hakuna kitakachotoka. Mkuu wa chuo akashusha miwani. Mwanafunzi mmoja akakohoa. Pale dirishani nikamlaani yule bwana wa tai, yeye na tai yake, na karani aliyemleta.

Ndipo dada akainamisha macho sakafuni, akasema kwa sauti ndogo, lakini ilisikika:

"Naomba mnipe visogo."

Hawakumwelewa. Akaonyesha kwa mikono: sukumeni madawati ukutani, pangeni viti duara, kila mtu akae nyuma ya mwenzake, amwone kisogo. Viti vikaburutwa, vicheko, vumbi. Kisha akamwendea mkuu wa chuo kutoka nyuma, akainama akamwambia, mama, kama hutojali, naomba kichwa chako. Yule mama akasita, akaangaliana na mzee wa ofisini. Kisha akavua miwani, akainuka, akaingia kwenye duara. Na mzee naye akaingia, angebaki peke yake afanye nini?

Dada akazamisha vidole kwenye nywele za mkuu wa chuo. Na sauti ikaja. Jamani, ilikuja ile yenyewe ya saluni, iliyoshiba.

Akawaambia wasishike chanuo kwanza. Watazame mabega ya aliye mbele yao. Yamepanda au yameshuka? Darasa zima wakatazama, wakaanza kucheka, maana yote yalikuwa yamepanda. Akasema hilo ndilo somo la leo: kabla ya mstari, kabla ya kitana, msusi husoma mabega, kwa sababu mdomo wa mteja una haya na mabega hayana. Akawapitisha hatua kwa hatua, wagawe nywele vipi, wavute kiasi gani, walegeze lini. Akamwiga mteja anayesema haumii huku machozi yanamtoka, darasa likapasuka. Binti aliyekaa nyuma ya mzee wa ofisini akauliza yeye asuke nini. Dada akamwambia ampake mafuta amkande taratibu, huyo naye ni mteja, tena hasumbui. Mzee akafumba macho, na nadhani alisinzia.

Kengele ikalia, hakuna aliyeinuka. Mkuu wa chuo alikuwa na kikao, kila mtu alijua, na nusu ya kichwa chake imesukwa, nusu imesimama. Akajishika kichwa, akageuka kumtazama dada.

"Kazi ni yako," akasema. "Lakini sitoki hapa na kichwa cha namna hii. Maliza kwanza."

Dada akamaliza. Wanafunzi walibaki pale pale wakimtazama, na alipofunga msuko wa mwisho wakampigia makofi. Akainua uso. Niliona kwa macho yangu: aliwazungukia wote, uso kwa uso, mmoja mmoja, hakupepesa, hakutetemeka. Akawaambia kesho kila mtu aje na chanuo lake, hataki kuazimana. Sauti ilifika mpaka nje nilipokuwa.

Sikuweza kuendelea kutazama. Niligeukia ukuta wa ule ukumbi nikalia, mimi kufuli la saluni, nikajifunika kwa mkoba wa vitana ili wapita njia wasinione. Nilikuwa namlilia mama, na kile kigoda, na miaka yote ambayo dada alipunguza mwendo nje ya geti lile kisha akaendelea na safari.

Nikasikia mlango unafunguliwa, na nyayo zinakuja nyuma yangu. Hakuhitaji kuuona uso wangu. Akaniwekea mikono shingoni, ikiwa bado inanukia mafuta ya nywele.

"Shusha mabega, mdogo wangu," akasema. "Tumeshapita pabaya."