Gitaa Jekundu la Mwalimu Bayo

Enzi zetu kule kijijini Daa, mtoto alijua kuogopa kabla hajajua kuhesabu. Tuliogopa nyati walioshuka kutoka msitu wa Ngorongoro kula mahindi. Tuliogopa ukungu wa mwezi wa saba, ule unaomficha ng'ombe mzima hatua tano mbele yako. Zaidi ya vyote tuliogopa mwalimu. Ukimwona anakuja njiani, unajitupa kwenye shamba la ngano na kulala kifudifudi mpaka apite. Watoto wa siku hizi wanampungia mkono na kumwita "ticha".

Mwalimu Bayo alitufundisha darasa la sita, na Jumapili aliongoza kwaya. Gitaa la umeme lilikuwa lake peke yake katika vijiji vyetu. Alilitoa Arusha, na spika yake ilitumia betri ya gari. Lilikuwa jekundu, linang'aa kama ini bichi. Wazee wa kanisa hawakulitaka.

"Mwalimu, hicho ni chombo cha baa," mmoja wao alimwambia mbele ya kwaya nzima. "Askofu akija Jumapili akakiona, nyuso zetu tutaziweka wapi?"

Mwalimu akajibu kwamba atalipaka rangi lifanane na mbao, aone nani ataliita la baa.

Nami nilikuwa mwanakwaya, na hapo mdomo wangu ukaniponza. Nilikuwa mtoro. Siku nyingine badala ya kwenda shule nilidandia lori hadi hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kumtazama fundi akipaka milango. Alipaka rangi ya njano, akaiacha ikauke, akapaka ya kahawia nyepesi juu yake, na kabla haijashika akaiburuta kwa kitana alichokikata kwenye mpira wa tairi. Mistari ya mbao ikajitokeza yenyewe. Vifundo alivitia kwa ncha ya unyoya wa kuku. Mlango wa mbao hafifu ukawa mninga.

"Mwalimu, mimi naweza," nikasema.

"Wewe Boay? Shule imekushinda, gitaa utaliweza?" Kwaya ikacheka. Mwalimu akachana picha ya njiwa kwenye kalenda ya kanisa, akanipa pamoja na gitaa. "Huyu umbandike hapo mbele. Nalitaka Jumapili asubuhi. Likiharibika, usinionyeshe uso wako."

Nilitembea nalo hadi nyumbani. Nikafungua nyuzi, nikapiga msasa, nikapaka njano ya mabaki niliyopewa na yule fundi. Ukungu ukakaa siku nzima na rangi ikagoma kukauka. Kila nikigusa, kidole kinanata, na kila kikinata naiona fimbo ya Mwalimu. Ijumaa jioni nikapaka kahawia, nikaburuta kitana. Ilitoka vizuri mno! Mama alipita na ndoo akasimama. "Baba, hilo gogo umelikata wapi? Bwana misitu atakufunga."

Jumamosi nikambandika njiwa kwa uji wa unga wa ngano, kama tulivyobandika picha zote ukutani. Vanishi ilibidi isubiri gundi ikauke. Lakini kwenye baridi ile gundi ingekauka lini? Nikafanya kama tulivyofanya kwa mahindi: nikalipandisha gitaa darini, juu ya jiko, moshi na joto vilimalizie. Nikalilaza katikati ya mahindi na kushuka nikiwa nimeridhika.

Jumapili alfajiri nilipanda kulichukua. Njiwa hakuwepo. Panya walikuwa wameufuata unga wa ngano, wakala karatasi yote, kisha wakaendelea kuguguna. Meno yao yalipita kahawia, yakapita njano, yakafika chini. Katikati ya mbao zangu nzuri palikuwa na kidonda chekundu kipana kama kiganja.

Nikakaa juu ya mahindi. Kengele ya kwanza ikalia. Nilirudishia nyuzi, nikalifunga gitaa kwenye shuka, nikakimbia nalo hadi mlango wa nyuma wa kanisa. Ndani nilimsikia Mwalimu akikohoa. Nikaliegemeza mlangoni, nikageuka, nikaenda moja kwa moja barabarani. Lori la mahindi lilikuwa likielekea Loliondo. Nilijifunika turubai, na hata geti la Ngorongoro sikuliona. Nilishuka kijiji cha Enguserosambu, huko huko Loliondo, nikaomba kazi ya kuchunga. Kwa wiki kadhaa kila gari likisikika nilijificha nyuma ya ng'ombe.

Darasani sikurudi tena. Nimezunguka sana tangu hapo, nimeshika kazi nyingi, sikudumu na hata moja.

Mwalimu nilimkuta miaka mingi baadaye, amestaafu, anaota jua nje kwake. Nikamwamkia, nikaomba msamaha kwa ajili ya gitaa.

"Lile?" akasema. "Nilipaka dawa ya viatu ya kahawia pale palipoliwa. Dakika tano. Askofu aliniuliza ni mti gani." Akacheka. "Jumatatu niliita jina lako darasani. Jumanne nikaliita. Nililiita mpaka muhula ukaisha."

Siku hizi tunakaa wazee wa rika langu tunawasema watoto: hawana hofu, hawana adabu, rangi ya mbao wanaagiza kwa simu ije kama karatasi ya kubandika. Nami nawasema pia. Lakini mwezi uliopita mjukuu wa dada yangu, ana miaka tisa, alivunja redio yangu. Alikuja nayo mikononi, vipande vyote, akasimama mbele yangu. "Babu, nimeivunja. Tutaitengenezaje?" Nikasogea kwenye benchi, akakaa kando yangu.