Mama mkwe nyuma ya kibao

Leo timu ya besiboli ya Rwamgasa imekosa fainali kwa sababu ya adabu.

Walikuwa sare na Buseresere. Pointi moja tu ilitosha.

Masanja, mchimbaji, alikuwa kituo cha tatu. Mwenzake akapiga mpira mbali. Masanja akatimka kuelekea kibao cha mwisho, ambacho ukikigusa ni pointi.

Hapo ndipo mama mkwe wake alipotokea nyuma ya kibao, akitafuta pa kukaa.

Kwa msiojua: Usukumani mtu hamkabili mama mkwe uso kwa uso. Unampisha.

Masanja akampisha. Akaacha mstari, akaingia majanini, akainamisha kichwa.

Buseresere wakamgusa kwa mpira hukohuko.

"Umetoka," refa akasema.

Zamu iliyofuata Buseresere wakapata pointi, mechi ikaisha.

"Ungegusa kibao kwanza, bwana, ndiyo umpishe," kocha akalalamika.



(Wakwe mliomo humu, ingekuwa ninyi mngekimbia?)

Mama mwenyewe alikuwa ameupa uwanja mgongo. Akamwita shabiki wa karibu.

"Mwambie mkwe wangu, nimetoka Mwakitolyo kuja kumwona akifika pale. Nilikuwa nimeshafumba macho ili apite."