Kiti cha Kushoto

Sikuombi uniamini. Wapo waliokataa hata kabla sijamaliza kusimulia, wakaondoka wakicheka, na hao hao siku hizi wakienda Ikungi wanahakikisha jua bado liko juu. Ninachokuomba ni kwamba ukishasikia, usije ukaniambia nilikuwa na homa, au uchovu, au mwanga wa jioni ulinichezea macho. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilikuwa Bibi Maendeleo, mtumishi wa serikali, nimepita JKT, kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini kuwafundisha akina mama kuchemsha maji na kuacha kumkimbilia mganga kila mtoto anapoharisha. Mtu wa namna hiyo angeyatoa wapi mambo haya, kama hayakumkuta?

Mume wangu, Baba Rehema, alikuwa fundi wa magari pale Singida mjini. Kulikuwa na Mzungu aliyekuja kujenga barabara, na mkataba wake ulipokwisha akamwachia gari lake dogo la mbio, ambalo injini yake ilikuwa imekufa. Baba Rehema alilifufua kwa vyuma vya kuokoteza na uvumilivu ambao mimi, mke wake, sijawahi kuonjeshwa. Lilikuwa jekundu, paa la turubai, milango miwili, na viti viwili tu vya ngozi nyeupe. Watoto wa Unyambwa tulikokuwa tukiishi walilipa jina Jogoo. Balozi wetu wa nyumba kumi kila akiliona alisema, "Ninyi wenzetu mna ujamaa wa watu wawili." Tulicheka naye, lakini miaka ile utani wa aina hiyo ulikuwa unamkosesha mtu usingizi.

Gari lile lilikuwa na kasoro moja. Mlango wa kushoto ulifunguka kwa nje tu, na hata kwa nje ilibidi ukiinue kitasa kwanza ndipo ukivute. Aliyekaa kushoto hakuweza kushuka mpaka dereva azunguke amfungulie. Kipuri chake hakikupatikana popote. Tafadhali ukumbuke huo mlango.

Mimi nilitaka kuliendesha. Landrova ya ofisini ilikuwa juu ya magogo, na vijiji vyangu viko mbali. Nikamwambia JKT nimeendesha lori, akasema lori ni lori. Nikamwambia basi na tuligawane, siku zake na siku zangu, akaniangalia kama nimemwomba figo. Tulinuniana hadi mama yake, tuliyekuwa tukiishi naye, akachoka.

"Baba Rehema," akamwambia, "mpe mwenzako siku moja, au mimi nifungashe niende kwa dada yako."

Ndipo Jumamosi ikawa yangu. Kila Jumamosi alinikabidhi ufunguo kwa vidole viwili, na nikirudi alizunguka gari akilipapasa kama ng'ombe aliyetoka kwenye josho. Ila nilikuwa naliendesha, na kwa kweli nilikuwa nafurahi.

Sasa yakatokea ya kwanza. Ilikuwa siku ya kazi, si Jumamosi. Nilikuwa uani napepeta uwele, Rehema amelala mgongoni kwa bibi yake. Nikasikia Jogoo linaingia, maana ekzosi yake ilitoboka na mlio wake haukufanana na wa gari lolote mkoani. Baba Rehema akashuka, akazunguka upande wa kushoto, akainua kitasa, akafungua mlango. Akabaki ameushika. Akainama akachungulia ndani. Halafu akanigeukia pale nilipokaa na ungo wangu.

"Umeshukaje?" akaniuliza.

"Nimeshuka wapi?"

"Mama Rehema, usinitanie. Umeshukaje, na mlango haufunguki?"

Nikaenda kuangalia. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, lakini ile ngozi yake nyeupe, ambayo Baba Rehema alikuwa akiifuta kwa kitambaa laini, ilikuwa na doa la mafuta, kubwa, kama la mtu aliyejipaka samli mwili mzima akakaa. Na kilinukia samli. Mimi nikafikiri nini? Nilifikiri kile ambacho ungefikiri wewe. Nikasema humu kalala hawara, na huyu bwana anajifanya kuchanganyikiwa kabla sijauliza. Niliyoyatamka mbele ya mama mkwe wangu siku ile bado yananitia aibu.

Mama aliniacha nimalize, kisha akamuuliza mwanawe swali moja tu. "Njiani ulikutana na nani?"

Akasema. Alipotoka Ikungi alisimamishwa na bibi mmoja mzee, amejifunga kaniki, bangili za shaba miguuni, amebeba kibuyu cha samli. Aliomba lifti mpaka kwenye ile miamba, kule kuliko na mahame ya watu waliohamishiwa kijijini. Baba Rehema akaitazama ile samli, akakitazama kiti chake cheupe. Kwetu mzee akikusimamisha njiani humkatalii, utamweka hata juu ya boneti. Akaona aibu kukataa, akaongopa. Akasema, "Samahani bibi, kiti hiki ni cha mke wangu. Ananingoja hapo mbele."

Yule bibi akajibu, "Haya, mwanangu. Na awepo."

Na alipofika kwenye miamba, nilikuwepo. Nimesimama kando ya barabara na gauni langu la kijani, namngoja. Alishangaa, lakini akadhani nimekuja kwa lori kwenye shughuli zangu za akina mama. Akashuka, akanifungulia, nikakaa. Njia nzima sikusema kitu, nikiutazama usukani tu. Akadhani nimenuna kwa sababu ya gari, maana kununa kwangu alikuzoea.

Gauni langu la kijani lilikuwa kwenye kamba, mbele yetu, bado linachuruzika maji.

Mama mkwe alisema maneno kwa Kinyaturu, chinichini, ambayo hakutaka kutufasiria. Kisha akatuambia wote wawili, "Kuanzia leo, msichukuane barabarani. Mtu wako ukimwona njiani, mpite. Kama ni wako, atafika nyumbani."

Sikumwamini. Nilisema ni fikra za kizee, na Jumamosi iliyofuata nikachukua ufunguo wangu. Baba Rehema alitaka kunizuia. Nikamwambia kumbe umepata kisingizio, siku yangu unaichukua kwa mlango wa nyuma. Akanipa. Akasema yeye anashinda nyumbani kuziba bati lililokuwa linavuja. Yashike haya pia: alisema anashinda nyumbani.

Nilifundisha Ikungi, tukamaliza, nikaanza kurudi jua likielekea kuzama. Barabara ilikuwa tupu. Miaka ile ya mafuta ya shida ungeweza kwenda mwendo mrefu usikutane na gari hata moja. Turubai nilikuwa nimelifungua, upepo unanipiga, naimba. Nikakata kona ya miamba.

Baba Rehema alikuwa amesimama kando ya barabara.

Alivaa shati lake la kaki lenye kiraka begani, kiraka nilichokishona mimi. Akainua mkono. Mguu wangu ukakanyaga breki wenyewe, na gari likasimama hatua chache mbele yake. Nikamwona kwenye kioo akija mbio kidogo, anatabasamu kama mtu aliyepata nafuu. Si nilimwacha nyumbani? Na samli ya kile kiti, ambayo tulikuwa tumeiosha kwa sabuni na majivu isitoke, ikanipanda puani kama imemwagwa sasa hivi.

"Afadhali umepita," akasema. "Nimesimama hapa muda mrefu."

Sauti ilikuwa yake. Akashika kitasa cha mlango wa kushoto. Hakukivuta. Alikiinua kwanza.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nimejiuliza hilo kuliko nilivyowahi kujiuliza jambo lolote. Hakuna mtu asiyekuwa wa nyumbani kwetu aliyejua kukiinua kitasa kile. Hilo lingetosha kunituliza. Lakini yule aliyepanda gari la mume wangu naye alikuwa na sura yangu na gauni langu, ningejuaje kwamba huyu naye hajui vitasa vyetu? Nikasikia sauti ya mama mkwe, mpite, mpite. Nikaingiza gia na kukanyaga mafuta kabla mlango haujafunguka. Nilimsikia akiniita, "Mama Rehema!" Nikatazama kioo. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono kichwani, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Nililia mpaka Unyambwa.

Mama mkwe alikuwa uani na Rehema. Hata shikamoo sikumpa. Nikamuuliza, "Baba Rehema yuko wapi?"

"Hamkukutana?" akasema. "Ulipoondoka tu walikuja kumwambia mjomba wake amezidiwa. Amedandia lori, kaenda huko huko Ikungi, upande wa ile miamba. Alisema mtarudi pamoja."

Alikuwa ni yeye. Nimemwacha mume wangu porini, jua linazama, fisi wa kule unawajua, na moyoni mwake anajua kabisa kwamba nilimwona usoni nikamkimbia. Nikageuka kwenda kwenye gari. Mama akanishika mkono, na kwa umri wake sikujua ana nguvu zile.

"Unamfuata nani?" akaniuliza.

"Mwanao."

"Kama ni yeye, atafika. Kama siye, unamrudia wa nini?" Lakini na yeye machozi yalikuwa yanamtoka, na mkono wangu hakuuachia.

Tukakaa kwenye mkeka mmoja, Rehema katikati yetu. Jogoo lilikuwa mbele ya macho yetu, boneti bado ya moto, ufunguo nimeufumbata kiganjani. Sikuutoa. Nakuapia sikuutoa. Giza lilikuwa limeanza kuingia tuliposikia mlio ukitokea upande wa barabara kuu. Mlio wa ekzosi iliyotoboka.

Mama akanitazama. Mimi nikalitazama Jogoo. Lilikuwa limetulia pale pale, na mlio wake unakuja, unakata kona ya msikiti, unasimama nje ya ua wetu. Tukasikia hatua za mtu akizunguka gari. Tukasikia kitasa kikiinuliwa, halafu mlango. Halafu mlio ukaondoka taratibu, ukapotea.

Baba Rehema akaingia. Alikuwa mzima, amechoka, uso mwema.

"Mjomba ana nafuu," akamwambia mama yake. Kisha akaniona mimi, na nyuma yangu akaliona gari.

Hakupiga kelele. Alilisogelea Jogoo, akaweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa. Akageuka akaangalia njia aliyoingilia. Nyuma ya shati lake la kaki, kuanzia mabegani mpaka kiunoni, kulikuwa na doa la samli.

"Ulirudi," akasema. "Ulinipita, halafu ukarudi kunichukua. Umenifungulia mlango sasa hivi hapo nje."

Hatukulala usiku ule. Gari hatukuliendesha tena, si yeye, si mimi. Lilikaa uani mpaka kuku wakaligeuza lao, wakataga kwenye kile kiti cha kushoto, na mayai yao hakuna aliyeyala. Vyuma vyake viliuzwa baada ya mama mkwe kufariki. Sisi tulibaki. Tumezeeka pamoja, watoto wamesoma, wajukuu wapo. Ila mpaka leo tukisafiri tunaondoka nyumbani pamoja, tumeshikana mikono kama vipofu, na wapo wanaotusifu kwa mapenzi yetu.

Wewe unayenisikiliza una gari, au utakuwa nalo. Mzee akikusimamisha njiani, mpakie, acha kiti kichafuke. Kama huna nafasi, mwambie huna nafasi. Usije ukamtaja mke wako au mume wako kwamba yuko hapo mbele anakungoja wakati hayupo. Mwenzako ukishamweka barabarani kwa mdomo wako, hujui atakayesimama pale ni nani, na siku nyingine ukimkuta ni yeye kweli, utampita.

Miaka mingi ilipita kabla sijapata moyo wa kumuuliza Baba Rehema yule mwingine alimwambia nini ndani ya gari, maana safari ile, tofauti na ya kwanza, alikuwa amezungumza. Akasema, "Aliniomba msamaha kwa kunipita. Alilia njia nzima, amenishika mkono."

Mimi sijawahi kumwomba. Nimejaribu mara nyingi, tukiwa wawili, taa imezimwa. Kila nikianza ananikatiza kwa upole, na hanigeukii.

"Acha, Mama Rehema," huniambia. "Nilishaombwa."