Kazi ya Mama Niliyoificha

Mawese yakichemka pamoja na soda kali hutoa harufu inayokwaruza koo. Mpaka leo nikiikuta mtaani hapa Kisangani namwona Mama, kitambaa puani, akikoroga pipa la sabuni nyuma ya nyumba yetu ya Kabondo.

Kabla ya pipa hilo, Mama aliandika programu za kompyuta katika ofisi moja ya mjini. Alitoka asubuhi amependeza, akarudi jioni hana la kusimulia. Siku moja akaacha kazi, kwa hiari yake, akaanza kupika sabuni. Alisema amechoka kuandika vitu ambavyo hamwoni mtu akivitumia. Majirani walinong'ona kwamba amefukuzwa, nami, mwenye akili zangu za miaka tisa, niliwaamini majirani. Niliona tumeshuka.

Basi mwalimu alipotuinua mmoja mmoja tutaje kazi za wazazi, nilijibu bila kupepesa macho: "Mama yangu iko programmeur." Darasa zima liligeuka kunitazama kwa heshima. Nikaketi, kichwa kimenivimba.

Wiki hiyohiyo Mama akatokea mlangoni mwa darasa, beseni la sabuni kichwani, mikono imebabuka.

"Ah, mama programmeur!" mwalimu akasema, jicho moja kwangu.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama alinitazama, akaelewa yote.

"Iko kweli, Maître. Zamani nilikuwa naandika programme, sasa niko napika sabuni. Alors, utakamata miche ngapi?"

Mwalimu alicheka, akanunua mitatu. Nyumbani Mama hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Miaka mitatu baadaye alirudi kwenye programu, safari hii kwa ajili ya chumba cha dawa cha hospitali. Alishinda na wauguzi, akiwauliza, akirekebisha, akiwaona wanavyotumia alichoandika. Alirudi nyumbani na hadithi tele. Nami nikaanza tena kumtangaza kila mahali, kana kwamba amepona ugonjwa.

Kumbe hakuwa ameshuka wala kupanda. Alifuata kazi iliyompa raha, hata ilipomnyima jina. Shujaa mzima, nami nilimwonea aibu! Nimeelewa mwaka huu, nikiwa na miaka ishirini na sita, katika ofisi niliyoichagua ili watu waniheshimu, na ambayo naichukia kila Jumatatu.

Jana nilimpigia simu nikamweleza yote. Nilitarajia anionye nivumilie.

"Bon," akasema. "Utaacha siku gani?"